Uwanja wetu na safari ya muhtasari

Nauza saruji, nondo na misumari. Mtaa ukijengwa nakula. Mtaa ukilala, na mfuko wangu unalala. Ndiyo maana majirani walicheka waliponiona naanza kushinda kwenye vikao vya ardhi, nikidai nakala za mihtasari na kuuliza namba za viwanja. Mama muuza chapati aliye pembeni ya duka langu alinitolea uvivu: "Baba, hao wanaojenga si ndio wateja wako? Mbona unakata tawi ulilokalia?"

Nikamwambia sipingi ujenzi. Ninachotaka ni kujua nani kaamua nini, kwenye kikao gani, na kimeandikwaje. Aliniangalia kwa huruma, akaendelea kusukuma chapati zake. Tangu wakati huo nimekaa karibu kila kikao ambacho mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kukaa, kuanzia nje ya ofisi ya serikali ya mtaa hadi viti vya nyuma vya ukumbi wa baraza la madiwani. Kote huko nimeona jambo lilelile: kelele zinabaki ukumbini, karatasi ndiyo inayopanda ngazi.

Mtaa wetu sitautaja. Baadhi ya mambo bado yapo mezani, na wahusika bado tunasalimiana asubuhi. Ila kama unaijua Dar ya viwanja vilivyopimwa miaka ya sabini, ule mradi wa viwanja na huduma uliopata fedha za Benki ya Dunia na kuzaa maeneo kama Sinza na Kijitonyama, basi sura yake unaijua. Viwanja vidogo vimepangwa kwa mistari, vichochoro vya kupishana kwa shida, na katikati pameachwa uwanja. Wetu hauna hata nyasi. Jioni watoto wanacheza mpira, msiba ukitokea turubai linafungwa pale, harusi hali kadhalika. Uwanja ni wa nani? Hakuna aliyewahi kuuliza, mpaka asubuhi moja tulipokuta vigingi vimepakwa rangi nyekundu kichwani.

Mkutano mkuu wa mtaa uliitishwa Jumapili saa tisa alasiri, maana yake saa kumi na nusu. Viti vya plastiki vya kukodi, spika moja inayokoroma, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa mezani. Ajenda ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, ulinzi shirikishi, taka, mengineyo, kufunga. Uwanja haumo. Vigingi vilifikiwa kwenye mengineyo, adhana ya magharibi ikikaribia, kina mama wakiwahi majiko, na nusu ya viti vikiwa vitupu.

Waliobaki walipaza sauti kweli. Kijana mmoja wa bodaboda alisema vigingi vinang'olewa usiku huohuo. Mzee mmoja akaapa kwamba uwanja ule hauuzwi yeye akiwa hai. Mwenyekiti akasimama, akainua mikono: "Ndugu zangu, nimewasikia, nimelichukua, nitalifikisha mbele." Makofi. Tukatawanyika tumeridhika.

Muhtasari wa siku ile niliuona baadaye kwa bahati tu. Mtendaji ni mteja wangu. Alikuja kuulizia bei ya bati akiwa na faili kwapani, nikamwomba nichungulie. Vurugu yote ile iliandikwa hivi: "Wananchi walijulishwa kuhusu uendelezaji wa uwanja. Mjadala ulifanyika." Basi. Na ukweli usemwe, hapo hapana uongo. Tulijulishwa, tukajadili. Lakini ofisa aliyekaa mjini, asiyetujua kwa sura wala kwa sauti, akisoma sentensi hizo mbili ataelewa kwamba mtaa umeridhia.

Wengi hatulijui hili tunapoenda kikaoni. Mtaa haubadilishi matumizi ya ardhi. Mwenyekiti, hata awe na muhuri mkubwa namna gani, hana mamlaka ya kugeuza kiwanja cha umma kiwe cha mtu. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri, yaani jiji au manispaa, na juu yake ipo wizara yenye dhamana ya ardhi. Sasa kama mtaa hauamui, kwa nini watu wa viwanja wanauhangaikia? Kwa sababu faili linalopanda linatakiwa lionyeshe kwamba wananchi walishirikishwa, na ushahidi wa kushirikishwa ni vitu viwili tu: muhtasari na orodha ya mahudhurio. Unaweza kukaa kikao kizima umenuna, hujasema neno, lakini jina na saini yako vikaenda mjini kusaidia jambo usilolitaka.

Kikao kilichofuata niliwahi. Siku zote watu wanachelewa makusudi kile kipengele cha kusoma muhtasari uliopita. Wanaona ni cha kujaza muda wakati wenzao wanafika. Mimi siku hizi nikikosa mwanzo wa kikao naona hata nisiende. Mtendaji aliposoma mpaka pale pa uwanja, nikanyoosha mkono: "Mwenyekiti, kabla hatujathibitisha, naomba marekebisho." Kukawa na minong'ono, maana hakuna aliyewahi kuomba marekebisho ya muhtasari mtaani kwetu. Nikapendekeza iandikwe kwamba wananchi walipinga uendelezaji wa uwanja na kuomba mchoro wa eneo uletwe mtaani. Mikono ikahesabiwa, mtendaji akakata mstari juu ya yale maneno ya zamani, akaandika mapya pembeni, mwenyekiti akaweka saini. Halikuchukua muda. Mkutano mzima wa mwanzo, pamoja na viapo vyake, haukufanya kazi iliyofanywa na mstari ule.

Sina ugomvi na mwenyekiti, niseme wazi. Wenyeviti wa mitaa hawana mshahara, wanaishi kwa posho inayokuja inapotaka, na kila mwenye shida ya saini anaanzia mlangoni kwao, mwenye nia njema na mwenye nia mbaya. Ukimwachia azunguke na jambo kichwani tu, atalisahau au atasahaulishwa. Ukimpa karatasi, hata yeye unampa pa kuegemea.

Mwalimu wangu wa mambo haya ni mzee mstaafu wa nyumba ya tatu kutoka dukani, aliyemaliza miaka yake ya kazi kwenye masijala ya serikali, ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili. Nilimwamkia siku moja nikiwa na barua yetu mkononi, kurasa tatu za malalamiko. Aliisoma yote, akairudisha. "Mwanangu, hii ni hotuba. Barua inabeba jambo moja." Tukaikata ikawa nusu ukurasa: tunaomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo letu na kujua hali ya kiwanja kilichowekwa vigingi. Kisha akanieleza namna ya kuipeleka. Usimpe mtu mkononi hata kama ni shemeji yako. Pitisha masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uliza namba ya kumbukumbu, na ukirudi kufuatilia taja namba hiyo kwanza kabla ya jina lako. "Ofisini," alisema, "wewe ndiye unayelifuata faili. Faili halikujui."

Kuupata mchoro kulichukua muda kuliko nilivyodhani, na sababu mojawapo ni kwamba mitaa mingi ya Dar imehama halmashauri bila kuhama mahali. Ubungo na Kigamboni zilikuwa manispaa mwaka 2016 zikitoka ndani ya Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Jiji la zamani likavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kila mgawanyo unaacha makabati nyuma. Unaelekezwa ofisi hii, unaambiwa karatasi za miaka ile ziko kule. Unaenda kule, unaambiwa walishakabidhi.

Hatimaye binti mmoja wa mipango miji akautandaza mezani. Karatasi imekuwa rangi ya chai, mikunjo imechanika na kuzibwa kwa gundi ya karatasi, maneno ni ya Kiingereza, yameandikwa kwa mkono uliotulia. Akatafuta kona yetu, akaweka kidole. "Mzee, huu mnaouita uwanja ni viwanja viwili." Sehemu ya juu, upande wa nyumba, imeandikwa eneo la wazi. Sehemu ya chini, inayopakana na barabara, imetengwa kwa jengo la umma: zahanati, shule ya awali, kitu cha namna hiyo. Haikujengwa, watoto wakaunganisha vyote viwili wakapata uwanja mkubwa. Vigingi vilikuwa kwenye sehemu ile ya chini.

Hapo hoja yetu yote ikabidi igeuke. Mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele za eneo la wazi, na aliyekiomba kile kiwanja angejibu kwa utulivu kabisa kwamba kiwanja anachokitaka si eneo la wazi, na mchoro ungemuunga mkono. Hoja iliyokuwa na nguvu ni nyingine: kiwanja kilitengwa kwa huduma ya umma, watu wameongezeka, huduma haijajengwa, kwa nini kigeuzwe cha makazi na biashara? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani hapa, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Waliochora ule mstari miaka ya sabini waliona familia moja kwenye kiwanja. Leo kwenye kiwanja hichohicho kuna nyumba ya vyumba vingi vya kupanga, au ghorofa la fremu chini na wapangaji juu. Kina mama wajawazito wanapanda bajaji kwenda zahanati ya kata nyingine, na hapa kuna ardhi iliyoandikwa kabisa kwa kazi hiyo.

Binti yule alinifundisha na jambo la pili. Anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja hutakiwa kulitangaza kusudio lake ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo la kiwanja chetu lilikuwa limeshatoka gazetini. Nililiona kwa macho yangu: limebanwa kati ya hati iliyopotea na tangazo la mirathi, maandishi madogo, kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Jina la mtaa halimo. Mtu angeweza kulisoma akinywa chai kwenye kibanda kinachotazama uwanja wetu asijue linazungumzia mahali alipokaa. Siku ile niliporudi nilichukua kalamu nikaandika namba za viwanja vyote vya umma vya mtaa wetu kwenye ukuta nyuma ya kaunta, chini ya bei za nondo. Wateja wanauliza ni namba za nini. Nawaambia, na wengine wanaondoka wakiwa wamezipiga picha.

Barua ya pingamizi tuliiandika kwa mtindo wa mzee: namba ya kiwanja, kilivyoandikwa kwenye mchoro, tunachoomba, na viambatisho. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa ule muhtasari uliorekebishwa, wenye mkato wa kalamu na saini pembeni. Nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Hakuna tusi, hakuna "mafisadi", ingawa bodaboda walitaka neno hilo lirudi. Pingamizi likaingia kwenye faili kabla faili halijafika kwenye kamati ya mipango miji ya halmashauri.

Kati ya mtaa na halmashauri kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo kila mtu anaiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Wewe wa mtaani huwezi kwenda pale ukaanza kuchangia. Lakini mwenyekiti wako yumo. Tulimpa kikaratasi cha mistari michache akisome, naye akakisoma kama kilivyo, kikaingia kwenye muhtasari wa kata. Nimeshaona watu wanaruka ngazi hii wakakimbilia kwa mkuu wa wilaya au kwenye kamera za televisheni. Wanapata siku moja ya kusikilizwa, kisha faili linaendelea na njia yake.

Baraza la madiwani ndilo lililonichosha. Mkutano wake ni wa wazi, unaruhusiwa kuingia na kukaa nyuma, na nawashauri watu waende hata mara moja waone. Madiwani wa kata, wa viti maalumu, wabunge, meya mbele, mkurugenzi ndiye katibu, wakuu wa idara wamepanga mstari. Kila mjumbe ana kabrasha, kitabu kizima cha taarifa za robo mwaka. Wewe huna. Unasikia: "Waheshimiwa, twende ukurasa wa arobaini na saba, kamati ya mipango miji na mazingira." Kurasa zinafunuliwa ukumbi mzima. "Kuna hoja?" Kimya. "Taarifa imepokelewa." Imepita, na kama ndani ya ukurasa huo kulikuwa na uwanja wa mtoto wako, umeshuhudia kwa macho yako bila kujua.

Nilikasirika siku ile, lakini ukifikiri vizuri baraza si mahali pa kuanzia kulumbana. Kazi ya kiwanja kimojakimoja inafanywa kwenye kamati, na kamati hukaa bila watazamaji. Likifika barazani limeshaiva. Diwani wako anaweza kulisimamisha, ila lazima awe amejua wiki kadhaa kabla kwamba lipo na liko ukurasa gani. Siku hizi, makabrasha yakishagawiwa, nampigia diwani wetu kumsalimia na kumuuliza swali moja: kata yetu imetajwa wapi? Mara nyingi hajakifungua kitabu chake bado. Simu yangu inamfanya akifungue.

Wakati hayo yanaendelea, upande wa barabara kubwa ukaja mpango wa kituo cha mafuta. Hapa niligombana na nusu ya mtaa. Walikuja vijana wawili na dada mmoja wenye vizibao vya kung'aa, wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, ile inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wakaitisha watu, wakagawa soda, wakapitisha karatasi ya mahudhurio. Watu wakasaini wakiwa na chupa mkono wa pili. Nikauliza karatasi ile inaenda wapi. Dada akajibu bila kuficha: itakuwa kiambatisho cha ripoti, kuonyesha wadau waliohusishwa. Nikaomba juu ya karatasi iandikwe "mahudhurio tu, maoni yameambatishwa", na maoni tukayaandika kwenye karatasi nyingine: matangi yakae umbali gani na kisima cha msikiti, maji ya mvua yatapita wapi, magari ya mafuta yatashusha saa ngapi. Akakubali bila shida. Huenda hakuna aliyewahi kumwomba.

Majirani walitaka tupinge kituo kizima. Mimi sikukubali, na mpaka leo wapo wanaosema nilihongwa lita. Kiwanja kile kiko kwenye barabara kuu na kwa mchoro ni cha biashara. Ukipinga jambo lenye haki yake kwenye mchoro, siku utakapopinga lisilo na haki utasikilizwa kwa sikio moja. Kituo kimejengwa. Mfereji wa maji ya mvua wameuchimba upande tuliouomba, na matangi yako mbali na kisima.

Biashara yangu nayo imenipa macho ambayo mtu wa ofisini hana. Ramani ya kibali cha ujenzi inaweza kusema nyumba ya kuishi ya ghorofa moja, lakini nondo hazidanganyi. Nyumba ya kawaida ya familia inakula nondo za milimita 12, na 16 kidogo. Fundi akija kuagiza za milimita 20 kwa wingi kwa ajili ya nguzo, na mashimo ya msingi anayoyataja yanamzidi mtu kimo, mwenyewe najua jengo hilo lina safari ndefu kwenda juu. Mjengo mmoja mtaani kwetu ulianza kama nyumba ya familia, ukaishia kuwa loji yenye baa chini. Muziki wake tunalala nao. Mwenyewe nilimuuzia saruji, sina cha kuficha, lakini siku nilipoona zile nguzo nilimwambia mwenye jengo kwamba majirani wataomba kuona kibali, na nikawaambia majirani wakiombe. Sitaki kukumbushwa jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi mwaka 2013, wala lile la Kariakoo Novemba 2024. Ghorofa zisizoandikwa popote hakuna aliyezikagua.

Mzee wa masijala ana njia yake ya kutuliza hasira zangu, ananirudisha nyuma sana. Anasema jiji hili lilipangwa kwa ubaguzi kabla halijapangwa kwa kitu kingine chochote: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi, Uswahilini kwa Mwafrika, enzi za Mjerumani na Mwingereza akaendeleza. Mnazi Mmoja, pale wanapopumzika watu wa Kariakoo na wa mjini, paliachwa wazi ili kutenganisha Uhindini na Uswahilini. "Kusudi lilikuwa baya," anasema, "lakini kwa sababu palikuwa kwenye ramani, papo mpaka leo." Kisha anahesabu kwa vidole mipango kabambe, ile inayopanga jiji zima: wa 1949, wa 1968, wa 1979, halafu miaka mingi jiji likatanuka lenyewe kabla ya huu wa 2016 hadi 2036. Ndani ya ile miaka ya katikati ndipo wengi wetu tulipojenga. Ndipo pia ukasikia watu wa Jangwani wanaambiwa wamejenga ndani ya mita 60 za mto, na wa Kimara mwaka 2017 wanaambiwa wamo ndani ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5. Kila mmoja alikuja kuujua mstari baada ya nyumba kuwekwa alama ya X.

Faili letu kamati ililirudisha lifanyiwe ushirikishwaji zaidi, maneno ambayo huku chini tuliyasherehekea na ambayo mzee aliyatafsiri kwa sura ya mtu aliyeyaandika mara nyingi: halijakataliwa. Baada ya hapo siasa ikaingia. Novemba 27, 2024 tulichagua viongozi wa mitaa, na mwenyekiti wa zamani hakurudi. Mpya alipofungua kabati la ofisi alikuta rula, muhuri na kalenda iliyoisha. Mihtasari ya miaka mitano haikuwemo. Akaja dukani akiwa ameambiwa mimi ninayo, na kweli ninayo, kwenye boksi la vigae, imepangwa kwa tarehe. Tulimtolea nakala zote kwa steshenari, mtaa ukachangia gharama. Katikati ya 2025 mabaraza ya madiwani nayo yakavunjwa kupisha uchaguzi mkuu wa Oktoba. Miezi hiyo huna diwani wa kumpigia, watumishi wapo na mafaili yapo. Tuliandika barua fupi ya kukumbusha tu, kutaja namba ya kumbukumbu na kueleza kwamba pingamizi letu bado lipo. Ikagongwa muhuri kama kawaida.

Vigingi vilishaoza. Kiwanja kipo, bado ni cha jengo la umma, na sasa tatizo liko kwetu wenyewe. Kina mama wanataka zahanati. Wazee wanataka pabaki hivihivi, msiba usikose pa kuweka turubai. Wenye fremu wanataka maegesho. Diwani mpya ametuambia ukweli: halmashauri haiwezi kutenga fedha kwa ajili ya mtaa usiojua unachotaka, kwa hiyo tuamue, tuandike, tumpelekee aibebe. Mkutano umeitishwa, na safari hii uwanja ni ajenda inayofuata mara tu baada ya yatokanayo, nimeiona kwenye tangazo. Kila upande unakusanya watu wake. Kundi pekee ambalo msimamo wake umeshafika ofisi ya mtendaji ni bodaboda: wanataka kijiwe chenye paa kwenye kona ya barabara. Barua yao ni nusu ukurasa, ina jambo moja, na nakala yao imegongwa muhuri.